Usiku wa Diploma Ulioishia Kilioni

Matokeo ya mtihani wa serikali yalinikuta ninachambua maharagwe. Ilikuwa mwezi wa saba, jua linazama, baridi ya kiangazi imeanza kushuka juu ya Kolwezi, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mwaka ule matokeo yalikuja kwa simu: unatuma namba yako ya mtihani, unakatwa yuniti, halafu unangoja. Nilikuwa nimetuma mara tatu bila kujibiwa. Yuniti zilipoisha nikarudi kwenye maharagwe ya mama, aliyoyanunua Kasaji ili ayauze sokoni kwetu, na ambayo yalikuja na mawe mengi kuliko ilivyo kawaida.

Aliyeniletea habari ni jirani yangu, msichana niliyekaa naye dawati moja miaka minne. Simu yake yeye ilijibiwa, na alikuwa ametuma namba zetu zote mbili. Aliruka ua wa matete uliotenganisha viwanja vyetu, akaacha kiatu kimoja upande wa kwao, akanishika mashavu.

"Tumepita! Mi soixante-et-un, weye cinquante-quatre!"

Yeye sitini na moja, mimi hamsini na nne. Hamsini ndiyo mpaka. Mwenye hamsini amepita, mwenye arobaini na tisa anarudia mwaka. Kwa hiyo nilikuwa nimepita kwa pointi nne, na sikuona aibu hata kidogo. Nilitaka kusema neno la kukumbukwa, lakini nilikuwa bado nimeshika maharagwe mkononi, nikayarusha juu yote. Mama alitoka jikoni kuuliza nani anamwaga biashara yake. Alipoona nyuso zetu hakungoja kuambiwa. Alipiga vigelegele ambavyo vilisikika mpaka barabara ya malori.

Kwetu mtu akipata diploma ya serikali anapakwa pudra, poda ya mwilini. Anamwagiwa kichwani, usoni, mabegani, mpaka hajulikani, na anatembea hivyo mtaani ili kila mtu ajue kuna diplomé mpya. Tatizo ni kwamba matokeo yalikuwa yameingia siku hiyo kwa mji mzima, na duka la kona lilikuwa limemaliza pudra yote mapema, hata ile ya watoto wachanga. Mama alirudi mikono mitupu. Akasimama katikati ya uwanja akifikiri. Kisha macho yake yakaenda kwenye gunia la unga wa mahindi lililokuwa limeegemea mlango wa jikoni.

Baba alikuwa amekaa kizingitini anavua viatu vya kazi. Alikuwa karani wa ghala la vipuri vya malori ya mgodi, mzee wa kanisa, na mtu wa saa: alikula saa moja kamili jioni, na alilala saa tatu. Aliona macho ya mama yanakoelekea.

"Mama, ile ni unga ya bukari."

"Tata," mama akamjibu, tayari ameshafungua kamba ya gunia, "leo tunakula diploma."

Nilimwagiwa mabakuli matatu. Jirani yangu mawili. Unga wa mahindi si kama pudra: ni mzito, unaingia puani, na ukichanganyika na machozi unakuwa ugali, bukari yenyewe. Nilipiga chafya mara saba mfululizo, na kila chafya watu wa uwanja wa nyuma walishangilia.

Lazima sasa nieleze tantine ni nani, kwa sababu bila yeye usiku ule ungeishia hapo.

Tantine alikuwa mdogo wa baba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mkimya, anayeishi Lubudi peke yake na cherehani yake. Alishona sare za shule: mashati meupe na sketi za bluu za nusu ya watoto wa Lubudi zilipita mikononi mwake. Jumapili aliongoza kwaya ya akina mama. Hakunywa bia, hakucheza nyimbo za redio, na alipokuja kwetu tulificha hata karata. Wiki ile alikuwa Kolwezi kwa sababu ya macho. Alikuwa amepata miwani yake ya kwanza siku mbili kabla, miwani mikubwa ya plastiki nyeusi, na alikuwa bado anashangaa kwamba majani ya mti wa parachichi yanaonekana moja moja.

Mama alipomaliza kunipaka mimi, mkono wake ukapitiliza, na bakuli la mwisho likamwangukia tantine. Tantine alisimama pale, mweupe kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kifua, miwani yake imekuwa vidirisha viwili vya ukungu. Nilifikiri atakasirika. Yeye aliweka tu mikono juu ya mabega yake, polepole, kama anayepima nguo mpya.

"Aksanti," alisema.

Na hakuifuta miwani. Hilo ndilo kosa la kwanza. Kosa la pili lilitoka kwa mama wa jirani yangu, ambaye alituletea munkoyo. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi na mizizi. Kikiwa cha leo hata mtoto wa kanisa anakunywa, ni chakula tu. Lakini huu ulikuwa umekaa siku nne kwenye bidoni, dumu la plastiki, ukingoja matokeo, na munkoyo ukikaa siku nne unabadilika tabia. Mimi niliuonja nikajua. Tantine, aliyekuwa na kiu ya unga kooni, alikunywa kikombe chote kwa pumzi moja, akaomba cha pili, akasifu mizizi, akaomba cha tatu.

Baba alitoa ruhusa yake akiwa amesimama, kama tangazo la kanisani. Ilikuwa desturi, na ilikuwa haki, mtoto aende kumshukuru mwalimu wake. Mwalimu wangu wa hesabu alikaa upande wa pili wa mtaa, dakika ishirini kwa miguu.

"Mutaenda, mutamusalimia mwalimu, mutarudia mbele bukari ipoe. Na tantine atawasindikiza, juu eko mutu mukubwa mwenye akili."

Mtu mkubwa mwenye akili alikuwa wakati huo anatafuta kitu cha kupiga. Alikipata: bidoni ya njano ile ile ya munkoyo, sasa tupu. Akachukua mwiko wa mama wa kusongea bukari. Jirani yangu alikuwa na filimbi ya mwalimu wa michezo, hakuna aliyemuuliza aliipata wapi. Tulitoka getini watu watatu.

Mpaka barabara ya pili tulikuwa kumi na tano. Sijui walitoka wapi. Ukipita na unga kichwani watu wanatoka tu: wasichana wa darasa la chini, mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi na akayabeba kichwani akicheza, kijana wa pikipiki aliyetufuata polepole akipiga honi. Tantine alikuwa mbele. Alianza kwa wimbo wa kanisa, lakini kwenye kona ya kinu cha unga alibadili maneno.

"Diploma imefika!" aliimba, kwa sauti niliyoisikia Lubudi Jumapili moja tu, siku ya Pasaka.

"Mufungue mulango!" tukajibu.

"Haina viatu!"

"Mufungue mulango!"

Alicheza pia. Tantine, ambaye hata kwenye kwaya alisogeza mabega tu, alikuwa anashuka mpaka chini na kupanda, bidoni imebanwa kwapani, mwiko unapiga. Nilijaribu mara moja kumshika mkono.

"Tantine, polepole, kuko giza."

"Giza ni macho yako," aliniambia. "Mi niko na miwani."

Njia fupi ya kwenda kwa mwalimu ilipita nyuma ya nyumba ambazo watu walikuwa wamechimba. Kila mtu wa Kolwezi anajua mambo hayo: mtu anachimba choo, anakuta jiwe la rangi lenye madini, na kesho yake hakuna tena choo, kuna shimo lililofunikwa turubai, na usiku kamba zinashuka. Tulijua tupite upande wa kulia, karibu na ukuta. Tulipita. Lakini jirani yangu, kwa furaha, alipuliza filimbi mara tatu, kwa nguvu, kama askari.

Turubai la kwanza likatikisika. Mtu akachomoka shimoni kama panya aliyemwagiwa maji ya moto, taa ikiwaka kwenye paji la uso, akakimbia hatua tano bila kuangalia, na hatua ya sita ikamkutanisha nami uso kwa uso. Mwanga wa taa yake ulinipiga moja kwa moja. Mimi nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Nyuma yangu kulikuwa na jirani yangu, mweupe, na tantine, mweupe, ana miwani isiyo na macho.

"Yoo, mama! Bazimu!"

Aligeuka, akakimbilia alikotoka, akajirudisha shimoni mwenyewe. Tulisikia sauti za watu wengine chini huko zikigombana. Mmoja alisema ni polisi. Mwingine alisema si polisi, ni wafu. Wa kwanza alisema basi afadhali polisi.

Wenzetu walikuwa wanacheka mpaka wamekaa chini, lakini mimi niliogopa kwamba mtu ataumia, shimo lile halikuwa na mchezo. Tantine alifika ukingoni, akainama, akaongea kwa sauti ya kumfundisha mtoto katekisimo.

"Bababa, tokeni bila woga. Hatuko polisi. Hatuko bazimu. Tuko badiplomé!"

Kisha kutoka chini: "Ya mwaka huu?"

"Ya leo!"

Walitoka wanne, wamejaa udongo mwekundu kama sisi tulivyojaa unga. Yule aliyeniona alikuwa na aibu na alinishikisha mkono mara mbili. Alisema naye alifika mwaka wa tano, akaacha shule umebaki mmoja tu wa diploma, angekuwa amemaliza zamani. Wakasema kazi ya usiku ule imekwisha haribika, filimbi imefukuza bahati, basi watatusindikiza, angalau watuonyeshe njia. Wakawasha taa zao nne za kichwani na kutangulia. Kwa hiyo sasa tulikuwa na mwanga.

Ninaeleza hivi kwa utaratibu ili ieleweke jinsi kundi letu lilivyoonekana lilipokata kona ya mwisho: wachimbaji wanne wenye taa, wekundu, wanawake watatu weupe, mama wa mandazi, pikipiki, na watu wengine kama ishirini wanaojibu "Mufungue mulango."

Mbele ya nyumba ya mwalimu kulikuwa na turubai kubwa limefungwa kwenye nguzo, viti vya plastiki vimepangwa mistari, moto wa magogo katikati, na watu wengi wameketi. Mimi niliona watu wameketi kimya sana. Niliona akina mama wamekaa chini kwenye mikeka. Nilianza kusema neno. Lakini tantine, kupitia unga wa miwani yake, aliona jambo jingine kabisa.

"Angalia!" alipaza sauti. "Mwalimu ameisha kupanga biti! Alijua tutakuya!"

Akaingia. Aliingia anacheza, bidoni inalia, akapita mstari wa kwanza wa viti, akamshika mkono baba mmoja mwenye koti jeusi na kumwinua, akamzungusha mara moja, akamrudisha kitini. "Haina viatu!" aliimba. Hakuna aliyejibu. Mwiko ukapiga mara nyingine mbili, kila pigo dogo kuliko lililotangulia.

Gogo likapasuka motoni. Tantine alivua miwani, akaifuta na ncha ya kitenge chake, akaivaa tena. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na picha ya mwanamke mzee.

"Yesu wangu," alisema tantine.

Mwalimu wangu alisimama kutoka kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyenifundisha hesabu miaka miwili bila kupandisha sauti. Alinitambua, nadhani, kwa urefu tu.

"Mutoto wangu," alisema taratibu, "hapa ni kilio. Ni mama mukwe wangu. Tutamuzika kesho asubui."

Nilitaka ardhi ifunguke, na huko kwetu ardhi hufunguka kweli, lakini si mtu anapoihitaji. Jirani yangu alianza kulia, na machozi yalimchora mistari miwili usoni. Wachimbaji walizima taa zao moja moja. Pikipiki iliondoka bila honi. Tantine alipiga magoti pale pale mbele ya meza, bidoni pembeni, akaomba msamaha kwa marehemu, si kwetu wala kwao, kwa marehemu mwenyewe, akimwita mama.

Akina baba wawili walikuwa wamekwisha simama kutufukuza. Mmoja alisema huu ni ulevi. Ndipo ajuza mmoja kwenye mkeka akasema kitu kwa Kilunda, na wengine wakamgeukia. Alirudia kwa Kiswahili, akinionyesha kidole. "Kwetu Sandoa mutu mwenye pemba habamufukuze. Pemba ni kitu ya muzuri." Pemba ni udongo mweupe wanaojipaka watu wa kwao siku za baraka. Baba mmoja akamwambia huo si pemba, ni unga wa dukani. Wakaanza kubishana.

Mabishano yalikatwa na binti mkubwa wa marehemu. Alitoka nyuma ya nyumba akifuta mikono kwenye kitenge, mama mnene, mfanyabiashara, mwenye macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Alitutazama wote kuanzia kushoto hadi kulia.

"Pemba ao unga, mi sijue," alisema. "Mi niko na masufuria makumi mbili na batu mia. Nani njo mukubwa wenu?"

Tantine, bado amepiga magoti, aliinua mwiko.

"Muzuri. Mutu mwenye nguvu ya kucheza eko na nguvu ya kuchota mayi. Bale ba mataa, kukuni. Weye na weye, kusafisha masufuria. Kuya."

Hakuna aliyekataa. Dakika kumi baadaye wachimbaji walikuwa wanapasua kuni nyuma ya nyumba, na kwa kweli sijaona watu wapasuao kuni kwa kasi ile. Mama wa mandazi alikuwa amegawa mandazi yake yote kwa wafiwa. Na mimi na jirani yangu tulikuwa tumeinama juu ya beseni, mikono mpaka viwiko ndani ya maji baridi, tunasugua masufuria kwa majivu. Wengine waliotufuata walipungua kimya kimya, lakini si wote.

Binti mkubwa alikuja akachuchumaa karibu nami, akachukua sufuria moja naye akasugua. 

"Ulipata ngapi?" aliniuliza mwishowe.

"Cinquante-quatre, mama."

"Na hesabu?"

"Hesabu njo iliniangusha karibu."

Alimwita mwalimu, shemeji yake, kwa sauti iliyovuka uwanja mzima. "Shemeji! Mwanafunzi wako anasema hesabu ilimuangusha!" Mwalimu akaja, mikono nyuma, akauliza nimepata ngapi, nikamwambia. Alifikiri kidogo.

"Cinquante-quatre? Mutoto, ulinishangaza. Mi niliwaza quarante."

Aliposikia arobaini, binti mkubwa alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomponyoka, kisha akaweka mkono wenye majivu mdomoni, na nikaona kwamba sasa analia, kisha kwamba anafanya vyote viwili. Alisema mama yake hakuingia darasani hata siku moja, lakini hakuna mtu wa soko la Sandoa aliyewahi kumdanganya hesabu ya mihogo. Alisema marehemu angempenda tantine. Alisema angecheza naye mpaka asubuhi.

Kwaya iliyoahidiwa haikuja. Gari lao lilikuwa limekufa njiani, simu ikasema watafika alfajiri. Saa nne usiku wafiwa walikuwa wamechoka kuimba wenyewe, na ukimya wa kilio bila nyimbo ni mzito. Tantine, aliyekuwa amechota maji safari tano na ambaye munkoyo ulikuwa umeanza kumtoka, alimwendea binti mkubwa na kusema kwa adabu kwamba yeye ni muimbishaji huko Lubudi, kama wangemruhusu.

Walimruhusu. Akapewa kiti karibu na meza. Alianza chini sana, wimbo ambao akina mama wote wanaujua, na akageuza bidoni ile ile ya njano, akaipiga kwa kiganja badala ya mwiko. Sauti iliyokuwa inapiga kelele za diploma barabarani ilikuwa sasa inaimba pole pole juu ya mto na nyumba iliyo ng'ambo, na akina mama wa mikekani wakaanza kuitikia. Niliacha sufuria nikasikiliza. Nilikuwa nimemjua tantine maisha yangu yote kama mtu wa pini na mikasi.

Kule kwetu bukari ilikuwa imepoa. Baba alingoja mpaka saa tatu, saa yake ya kulala, kisha akavaa tena viatu vya kazi. Baadaye alituambia alivyotafuta. Alifuata unga. Kulikuwa na unga kwenye kona ya kinu, unga ukutani, unga kuzunguka shimo la wachimbaji, na hapo, alisema, aliona nyayo zetu zimefika ukingoni. Aliita jina langu shimoni kwa muda mrefu. Mlinzi wa nyumba ya jirani ndiye aliyemwambia kwamba wale wazimu walienda upande ule, wanaimba.

Nilimwona anaingia chini ya turubai na tochi mkononi. Nilimwona ana hasira. Baba akiwa na hasira masikio yake husogea nyuma. Alifungua kinywa. Akaona meza, mshumaa, picha. Akaniona nimebeba sufuria. Akaona mdogo wake, kiongozi wa kwaya, mweupe kama samaki kwenye barafu, anaongoza wimbo. Hasira hailetwi kilioni. Alifunga kinywa, akavua kofia, akaenda kushika mikono ya wafiwa, mmoja mmoja, pole, pole sana, mpaka mwisho wa mstari. Mtu akampa kiti. Mtu mwingine akampa chai. Baba akakaa.

Nilipompelekea mkate, alinong'ona bila kunitazama. "Nilisema mbele bukari ipoe."

"Ndiyo, baba."

"Huyu marehemu tunamujua?"

"Hapana, baba."

Akanywa chai.

Usiku wa manane, kati ya wimbo na wimbo, tantine alikuja kukaa kando yake kwenye moto. Nilikuwa nimejifunika kitenge nyuma yao, walidhani nimelala. Baba alimwambia kwa sauti ndogo kwamba ni aibu, mtu wa umri wake, na bidoni. Tantine alisema ndiyo, ni aibu. Kisha akasema, akimwita yaya, yaani kaka:

"Yaya, unakumbuka mwaka ya tano?"

Baba alinyoosha viganja motoni.

"Baba yetu alisema mutoto moja njo ataendelea. Alisema ule mwenye suruali. Mi sikukasirika, nilipenda usome. Nikashona suruali yako ya examen, unakumbuka? Njo ya kwanza nilishonaka. Lakini tangu ile mwaka nashona masare ya batoto ya batu, na hakuna siku hata moja nilipakwa pudra. Leo bibi yako amekosea, akanipaka."

Moto ulikuwa umeshuka. Baba aliinama, akasukuma gogo ndani, akalitazama mpaka likashika. Wakati huo akina mama walianza wimbo mwingine, wenye sehemu ya sauti nzito ambayo usiku ule haikuwa na mtu, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wamesinzia. Baba alisafisha koo. Akaichukua. Aliimba besi mpaka jogoo la kwanza, macho yamefumbwa, na tantine aliimba juu yake, na sikuwa nimewahi kuwasikia wakiimba pamoja.

Alfajiri baba alimpigia simu mkubwa wake wa kazi kumwambia hatafika, ana kilio. Nilikuwa karibu, nikasikia mkubwa akiuliza kilio cha nani. Baba alisimama pale, simu sikioni, akijaribu kupanga.

"Ya mama mukwe," alisema. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kusema uongo: "Ya mwalimu. Ya hesabu. Ya mutoto wangu." Mkubwa akamwambia apumzike.

Tulizika saa nne asubuhi. Wachimbaji walishusha jeneza kwa kamba, kazi waliyoijua kuliko yeyote pale, bila kutikisa hata kidogo, na binti mkubwa aliwashukuru mbele ya watu wote. Mimi nilibeba msalaba wa mbao kutoka garini. Nilikuwa nimenawa uso, lakini kwenye nywele na shingoni unga ulikuwa umekauka na kushika, na wapo waliofikiri mimi ni mjukuu kutoka kijijini niliyepakwa kwa desturi. Hatukuwasahihisha.

Nyumbani mama hakuwa amelala. Alitutazama tulivyoingia mstari mmoja, baba, tantine, mimi, wote watatu tunanuka moshi, akauliza swali moja tu: mwalimu alifurahi? Nikamwambia alifurahi. Nikalala mpaka kesho yake.

Diploma yenyewe, ile karatasi, ilikuja baada ya miaka mitatu, wakati nilikuwa tayari nimeanza kazi ya kufundisha darasa la pili, na niliisaini kwenye dirisha la ofisi huku mtu wa nyuma yangu ananisukuma. Jirani yangu aliolewa na fundi wa magari huko Kasaji. Binti mkubwa wa marehemu bado ananitumia ujumbe kila mwaka mpya, na kila mara anauliza tantine anaimba wapi siku hizi.

Tantine alipoteza sauti. Siku tatu hakuweza kutamka hata jina lake. Akitaka chumvi aliandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Baba alikuwa amesema wazi mbele yetu wote kwamba ana maneno ya kumwambia, lakini hawezi kumgombeza mtu asiyeweza kujibu, si haki, atangoja sauti irudi. Sauti ilirudi Jumatano asubuhi. Baba alikuwa ghalani. Tantine alitusalimia wote kwa sauti ya chura, akakunja kitambaa chake, akafunga miwani ndani ya kasha lake, na kufika saa sita alikuwa ndani ya lori la Lubudi, amekaa mbele na dereva.